Si Kila Tusichokizoea ni Haramu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeipasua ardhi akaotesha ndani yake riziki ya watu na ya wanyama wao; na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: ndugu zetu wa darasa wametutaka tuandike juu ya jambo lililotokea Ramadhani iliyopita katika nyumba moja iliyo karibu na Litein. Twaliandika kwa haya, kwa kuwa sisi wenyewe tulikuwapo, na tuliyoyafanya siku ile hayakutupendeza tulipokwisha kuyafikiri.

Tulialikwa kufuturu na kijana mmoja wa Kikipsigis aliyesilimu miaka michache nyuma. Bibi yake, ambaye watu wote wa mtaa ule humwita Kogo, yaani nyanya, alimfuata mjukuu wake katika dini, na tangu siku hiyo hakukosa darasa la wanawake hata siku ya mvua; na mwenye kuzijua mvua za Kericho anajua maana ya maneno haya. Waalikwa wengi walikuwa watu wa mjini, ambao wazazi wao na wazazi wa wazazi wao walizaliwa katika Uislamu. Mkekani paliwekwa tende, sambusa, chapati na pilau ya mbuzi. Tulipokwisha kusali Magharibi na kurudi kukaa, Kogo akaja na vyakula alivyovipika kwa mkono wake: kimyet ya wimbi, ambayo ni sima yao, chungu cha mboga ya isagek iliyopikwa kwa maziwa tangu jana yake, na kibuyu cha mursik.

Mgeni mmoja akakifunua chungu, akacheka, akasema, "Haya si majani ya kulishia ng'ombe?" Wa pili, ambaye amesoma kidogo na hupenda ijulikane kwamba amesoma, akasema kuwa maziwa ya kibuyuni hayafai, kwani Mtume (s.a.w.) amekataza vibuyu. Wa tatu hakusema neno. Alikisukuma chungu mpaka ukingoni mwa mkeka. Na sisi je? Sisi tulikula pilau, tukanyamaza. Kogo akainama, akachukua chungu chake na kibuyu chake, akatoka.

Ijumaa iliyofuata hakuja darasani, wala ya pili yake. Tukamtuma mtu kumwuliza hali, akarudi na jibu hili: "Mwambieni sheikh kwamba mimi nilidhani nimeingia katika dini ya Mungu. Sikujua kwamba nimeingia katika chakula cha watu wa mjini."

Neno hili lilituondolea usingizi. Mwanamke mzima, ameacha mila aliyozaliwa nayo, amejifunza Fatiha kwa taabu akiwa na umri ambao wengi wetu hatuwezi tena kuhifadhi hata jina la jirani mpya, kisha sisi tumemrudisha nyuma kwa ajili ya chungu cha mboga! Basi tumeona ni wajibu tuyaeleze haya kwa dalili, apate kujirudi mwenye kujirudi, na sisi tukiwa wa kwanza wao.

Jambo la kwanza ambalo kila Muislamu yampasa alijue ni kwamba kuhalalisha na kuharamisha si haki ya ulimi wa mtu wala ya tumbo lake. Katika Sura Yunus Mwenyezi Mungu amewauliza kwa ukali watu walioichukua riziki aliyowateremshia wakaigawa kwa rai zao, hii halali na hii haramu, kama wamepewa idhini ama wanamzulia uwongo. Na katika Sura An-Nahl amekataza ndimi zetu zisivumishe jambo hilo hilo. Waarabu wa zama za Jahiliya walikuwa na mazao waliyoyapiga marufuku na wanyama waliowaharimisha, na Sura Al-An'am imewafedhehesha kwa hayo. Wao hawakuwa na hoja ila kwamba ndivyo walivyowakuta wazee wao. Je, sisi tunaposema kuwa mboga fulani si chakula cha Kiislamu, tuna hoja gani zaidi ya hiyo?

Huenda mtu akasema, "Sikusema haramu; nimesema tu kwamba siipendi." Twamjibu: kutopenda ni ruhusa, na mafunzo yake tumeyapata kwa Mtume mwenyewe. Wamepokea Bukhari na Muslim kisa cha Khalid bin al-Walid (r.a.), alipoingia pamoja na Mtume (s.a.w.) nyumbani kwa Bibi Maimuna, wakaletewa dhabbu wa kuchomwa, naye ni mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi wakubwa. Mtume akanyosha mkono. Wanawake waliokuwapo wakasema aambiwe ni nyama gani hiyo, na alipoambiwa akaurudisha mkono wake. Khalid akauliza kama ni haramu. Akamjibu kuwa si haramu, ila mnyama huyo hakuwako katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haikumtamani. Khalid akamvuta dhabbu upande wake, akala, na Mtume akimtazama.

Kisa hiki twakisoma kila mwaka darasani, na ni wazi kwamba hatukukielewa. Mtume hakula, lakini hakucheka. Hakuamuru sahani iondolewe, hakumkemea mwenye kula, wala hakumtia haya mwenye kupika. Na alipoulizwa sababu, aliitaja nchi, hakuitaja dini. Yaani ladha ya mtu ni mwana wa mahali alipolelewa, na Mwenyezi Mungu hakuituma Kurani ije kusawazisha ladha za watu. Tena imethibiti kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba Mtume hakupata kukitia ila chakula kamwe: alipokitamani alikula, na alipokichukia alikiacha. Sisi siku ile hatukukiacha chakula, tulikitia ila.

Sasa na tuitazame mboga yenyewe iliyodharauliwa. Isagek ndiyo ile ambayo Wagusii huiita chinsaga, Wajaluo dek, na sokoni Nairobi huitwa sagaa. Katika Kiswahili jina lake ni mgagani. Huota yenyewe penye samadi, ukingoni mwa zizi na katika shamba lililovunwa, na siku hizi watu huipanda kwa mbegu. Ni chungu, na uchungu huo wapishi wa huku wanajua kuutuliza: huichemsha, wakaimwaga maji, wakaitia maziwa au malai, wakaiacha ilale mpaka kesho ipate kulainika na kukolea. Managu, ambayo nayo hupikwa vivyo hivyo, ni mnavu ule ule ambao mama zetu wa pwani waliuchuma nyuma ya nyumba. Na yule ndugu aliyecheka, asili yake ni Mombasa. Twamjua, na kwao twapajua. Huko mchunga huliwa kwa wali na samaki na husifiwa kwa huo uchungu wake, na kisamvu hutwangwa na kutiwa tui. Je, majani ya muhogo yakitiwa nazi huwa chakula cha waungwana, na majani ya mgagani yakitiwa maziwa huwa malisho ya ng'ombe? Tofauti hapa ni nazi na maziwa tu, maana mnazi hauoti Kericho, na pwani hapana malisho kama haya ya huku. Kila watu wamelainisha uchungu wa ardhi yao kwa mafuta waliyopewa na ardhi hiyo.

Waalimu wa vyuo vikuu vyetu nao wamelishughulikia jambo hili. Kwa miaka mingi Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta amezichunguza mboga hizi za kienyeji, na yaliyobainika ni kwamba madini ya chuma na chokaa na vitamini zilizomo ndani yake zaishinda kabichi kwa mbali. Mwaka 1999 Makumbusho ya Taifa ya Kenya ilitoa kitabu kizima juu ya mimea ya asili inayoliwa nchini, na mwaka 2021 UNESCO iliiingiza kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika daftari lake la mifano bora. Basi walimwengu waliokwisha kuzunguka duniani wanarudi kukitafuta chungu cha Kogo, na sisi tuliokuwa tumekaa mbele yake tulikisukuma!

Na lau tungekumbuka hadithi ya Sahl bin Saad (r.a.) katika Bukhari, ingetutosha. Alikuwako Madina mwanamke mmoja aliyekuwa akipanda mboga ya silki kandokando ya mifereji ya shamba lake. Siku ya Ijumaa hung'oa mizizi yake, akaitia chunguni na konzi ya shayiri iliyosagwa. Masahaba wakitoka katika sala ya Ijumaa humpitia, wakamtolea salamu, naye huwapakulia. Na Sahl asema kwamba walikuwa wakiitamani siku ya Ijumaa kwa ajili ya chakula hicho. Tazameni, ndugu zetu! Hapana nyama, hapana mchuzi wa viungo. Mboga ya ukingo wa mfereji na shayiri, na wenye kuila ni masahaba wa Mtume. Jina la mwanamke yule hatukulipata katika mapokezi, lakini mboga yake imetajwa katika kitabu kinachosomwa Mashariki na Magharibi. Kadhalika Anas bin Malik (r.a.) amesimulia alivyomwona Mtume katika karamu ya mshoni mmoja, akiyafuata maboga pembezoni mwa sahani, na tangu siku ile Anas akawa mpenzi wa maboga. Leo yuko Muislamu wa huku bara asiyethubutu kumwekea mgeni boga, akichelea kuitwa maskini.

Mtu mmoja alitupinga baada ya darasa kwa aya ya Sura Al-Baqara, pale Bani Israili walipochoshwa na mana na salwa wakamtaka Nabii Musa awaombee mboga, matango, dengu na vitunguu, nao wakalaumiwa kwa kubadilisha kilicho bora kwa kilicho duni. Akasema, "Si hapo mboga imetukanwa?" Twasema: la. Waliolaumiwa ni watu walioletewa riziki mahali walipo, wakainua pua zao na kuililia riziki ya nchi nyingine waliyoizoea. Basi na afikiri, siku ile mkekani, ni nani aliyefanana nao zaidi: aliyeleta mboga ya ardhi anayoikaa, au aliyekaa katika nchi ya wimbi na maziwa akawa hana hamu ila ya pilau?

Tena na tuseme kweli juu ya hicho tukiitacho chakula cha Kiislamu. Mchele wa pilau asili yake ni Bara Asia, na viungo vyake ni vya Bara Hindi na visiwa vya mbali. Nyanya, viazi, pilipili na mahindi vilitoka Amerika, wala Ulimwengu wa Kale haukuvijua kabla ya mwaka 1492. Basi hakuna sahaba aliyepata kuonja kachumbari ya nyanya. Wimbi, lililodharauliwa, ndilo mwenyeji wa kweli, kwani asili yake ni nyanda za juu za Uhabeshi na Afrika ya Mashariki. Na chai yenyewe, ambayo leo imevifunika vilima hivi kama zulia, ni mgeni aliyeletwa huku na makampuni ya Kizungu katika miaka ya 1920, juu ya ardhi ambayo wenyewe hawakuulizwa. Hatusemi haya ili tuitukane pilau. Pilau ni neema, na tuliila kwa kushiba. Twasema ili ijulikane kuwa hakuna chungu kilichosilimu na kingine kikabaki kafiri.

Historia nayo ina mafunzo kwa wenye kuharamisha kwa pupa. Al-Hakim, mtawala wa Kifatimi wa Misri, mnamo mwaka 395 wa Hijra (1005) alipiga marufuku mboga ya mulukhiya, kwa kuwa ilisemwa kwamba Muawiya alikuwa akiipenda. Mulukhiya ni mrenda huu huu unaouzwa na kina mama wa Kiluhya katika soko la Kericho, na Wajaluo huuita apoth. Al-Hakim alikwenda zake na amri yake ikaenda naye, na Wamisri wangali wakiila mulukhiya mpaka leo na kuiona kuwa ni fahari ya meza zao. Mwaka 1511 ikawa zamu ya kahawa: gavana wa Makka aliikusanyia wanazuoni, ikaharimishwa, vibanda vyake vikafungwa. Baadaye hukumu ile ikatanguka, na leo msikiti gani wa pwani hauna mzee wa kahawa barazani? Kila kizazi hupata watu wake wa kukiogopa kikombe kigeni.

Sasa twaja kwenye mursik, kwa kuwa aliyeikataa alitaja hadithi, na mwenye kutaja hadithi hajibiwi kwa kicheko. Kwa wasioijua, mursik ni maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kiitwacho sotet. Kibuyu huoshwa, kikasuguliwa ndani kwa kaa la mti wa senetwet, ndipo maziwa yakatiwa na kufungwa kwa siku kadhaa. Hutoka yakiwa na rangi ya kijivu na harufu ya moshi. Ndiyo wanayopokewa kwayo wanariadha wetu wakirudi na ushindi, kila mtu ameona.

Hadithi aliyoikusudia ndugu yetu ni ya ujumbe wa Abdul-Qais, nayo ni sahihi. Mtume (s.a.w.) aliwakataza vyombo vinne, na kimoja katika hivyo ni dubbaa, yaani kibuyu. Lakini aliwakataza kutengeneza ndani yake nabidhi, maji ya tende au zabibu, kwa kuwa katika vyombo vile huchacha upesi na kuwa ulevi bila ya mwenyewe kujua, na watu walikuwa ndio kwanza wameuacha ulevi. Kisha ikaja hadithi ya Buraida (r.a.) katika Muslim, Mtume akawaruhusu vyombo vyote, akawakataza kunywa kilevi tu. Basi hukumu ya kwanza imefutwa, na hata kabla ya kufutwa haikuhusu maziwa. Aliyesoma nusu ya mlango akaufunga, amewafungia watu nje. Na mzaha mdogo tunamwekea: hilo neno dubbaa ndilo lile lile la boga alilolipenda Mtume katika hadithi ya Anas.

Hata hivyo hatutaki kuonekana kuwa tumeruhusu bila ya kupima. Watu waliopima mursik kwa vyombo vya kitaalamu wamekuta kwamba baadhi yake ina ulevi kidogo, na kemikali iitwayo asetaldehaidi inayodhuru mwili. Na Hospitali ya Tenwek huko Bomet kwa miaka mingi imekuwa ikiwapokea wagonjwa wengi wa saratani ya umio. Wataalamu hawajaitupia mursik lawama peke yake. Hata vinywaji vya moto mno, nayo chai yetu ni mojawapo, mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliviweka katika orodha ya vinavyoshukiwa. Kwa hivyo rai yetu ni hii: maziwa yaliyoganda kibuyuni ni halali kwa asili yake, kama yalivyo halali maziwa lala ya dukani. Kibuyu na kiwe safi, maziwa na yachemshwe kwanza, wala yasiachwe siku nyingi mno. Mtume mwenyewe, kwa mapokezi ya Ibn Abbas, nabidhi yake haikupita siku ya tatu ila humwagwa au akapewa mtumishi. Na kikifika kiasi cha kulevya, hapo ni haramu, kichache chake na kingi chake, hata kiwe kimetengenezwa na walii.

Lipo jambo moja ambalo halina rai. Zamani wazee wa huku walikuwa wakimtoboa ng'ombe shingoni kwa mshale, wakaikinga damu na kuichanganya na maziwa, na wachache huenda wangali wakifanya. Damu ya kumiminika imeharimishwa kwa jina lake katika Sura Al-An'am. Anayesilimu na aiache, na tumweleze kwa upole sababu yake. Lakini angalieni: Kogo aliiacha siku ile ile aliyotamka shahada, bila ya kusukumwa na mtu. Alipoambiwa na Mwenyezi Mungu aache, aliacha. Kilichomvunja moyo ni kuambiwa na sisi.

Ama mipaka mingine ni michache na ni ya akili. Uyoga uliwe na wenye kuujua tu, maana uko unaoua, na kujiingiza katika maangamio kumekatazwa. Tunda bichi la managu watoto wasiachiwe. Majani yaliyoota katikati ya miche ya chai iliyopigwa dawa yasichumwe; na ukingoni mwa shamba la mtu, hata kama yeye ayaita magugu, idhini huombwa.

Nao ndugu zetu wa huku wasidhani kwamba maneno haya yamewahusu watu wa mjini peke yao. Wako wazee wa Kikipsigis wasiokaribia samaki, wakiletewa ngege au omena kutoka Kisumu hugeuza uso kana kwamba wameonyeshwa nyoka, na wakamhurumia anayewala. Vya baharini na majini vimehalalishwa katika Sura Al-Maida. Asiyetaka samaki asile, lakini mkaza mwanawe aliyetoka Lamu au Kendu Bay asimfanye alie jikoni.

Na hapa tuna neno na wenye mashamba. Wako watu katika Bomet na Kericho wenye ekari moja au mbili, wameipanda majani chai mpaka mlangoni, hata pa kutupia jivu hapana. Bonasi ikija hununuliwa unga na sukuma wiki kutoka sokoni, na ikichelewa watoto hula ugali kwa chai ya rangi. Kulima chai si kosa. Ni riziki ya halali na wengi tumesomeshwa nayo. Lakini yule mwanamke wa Madina alipanda kandokando ya mfereji, mahali ambapo hapakumpunguzia shamba hata hatua moja. Mistari miwili ya isagek na mashina matatu ya boga nyuma ya jiko haviipunguzii kiwanda cha chai kilo hata moja. Tena aliyepanda, kikiliwa na ndege au mtu au mnyama, ana sadaka, kama ilivyothibiti katika hadithi.

Limebaki suala la fitri, na tumeliulizwa zaidi ya mara moja. Watu wamezoea kuona mchele ukigawiwa mwisho wa Ramadhani, hata wengine wa vijijini wameuza kuku wapate kununua mchele wa kutoa, wakidhani kwamba bila ya mchele fitri haisihi. Katika madhehebu yetu ya Shafii kinachotolewa ni pishi ya chakula kikuu cha mji, chochote kiwacho katika nafaka za kuwekwa akiba. Sharia yenyewe imekuja kumwuliza mtu, "Kwenu mnakula nini?" Kwa watu wa Kericho na Bomet jawabu ni mahindi, na ambao chakula chao ni wimbi watoe wimbi. Atakayetoa mchele kwa kuwa ndicho chakula chake, vyema. Ila asiyekula mchele asikopeshwe mchele ili afanane na wengine siku ya Idi.

Baada ya Ijumaa ile ya pili tulikwenda kwa Kogo wenyewe, tukiwa na yule ndugu wa hadithi ya vibuyu, ambaye kwa insafu yake alikubali dalili tulipomsomea na akataka kufuatana nasi. Tulimkuta akichambua isagek uani, juu ya gunia. Tukamwomba radhi mbele ya mjukuu wake, kwa kuwa tulimvunjia heshima mbele ya mjukuu wake. Alinyamaza kitambo, kisha akatuuliza kama tumekula. Tukasema hatujala. Akatupakulia. Twakiri kwamba uchungu ulitushinda katika tonge la kwanza. La pili lilikuwa jepesi. La tatu hatukulihesabu. Yule ndugu yetu alikunywa mursik akakunja uso, na Kogo alicheka mpaka akajifuta machozi, akamwambia si lazima amalize, mwanangu, hata wajukuu zangu wa mjini wameisahau.

Kisha akatuuliza kuhusu fitri, tukamweleza kama tulivyoandika hapa. Akauliza kama pishi ni ngapi. Tukamwambia ni moja kwa kila kichwa cha nyumbani, mdogo na mkubwa. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akasimama katikati akauliza kama mtoto aliyezaliwa juzi naye huhesabiwa. Tukamwambia naye huhesabiwa.

Darasa la wanawake la Ijumaa ijayo litasomwa nyumbani kwake, baada ya sala. Amesema wenye kuja wasile kabla.

Wabillahi ttawfiq.